Muhuri Namba Saba

4 Machi 1986

Kitinda, mdogo wangu,

Pokea salamu nyingi za huku, za kwako nangoja. Mimi mzima wa afya, wifi yako mzima, ila anakulaumu kwamba huandiki mpaka uwe na shida. Nimemwambia akuache, hiyo ndiyo tabia ya vitinda mimba wote. Mama naye yupo. Moyo bado unamwenda mbio akipanda zile ngazi tatu za mlangoni. Daktari amemkataza chumvi, na yeye amemkataza daktari asimfundishe kupika. Salamu hajanipa nikupe, lakini ninapoandika hapa amevuta kiti chake karibu, anajifanya anatafuta kifungo kilichodondoka.

Sasa lililonifanya nishike kalamu. Katika barua yako ya Januari uliniuliza mama alikuwa akitumia nini kwa kiungulia. Nilimuuliza. Akaendelea kuchagua mchele kama hakusikia. Kisha akasema, "Niletee kalamu." Kitinda, miaka minne hajalitaja jina lako ndani ya nyumba hii, leo anataka kalamu! Nilikimbia dukani nikaleta kalamu, stempu na bahasha, ile ya bluu ya karatasi nzito, nikamwekea vyote mezani. Akajifungia chumbani tangu asubuhi hadi adhuhuri. Alipotoka vidole vilikuwa na wino na barua yake ameibana kwapani, hata sikuiona vizuri. Nikamwambia, "Nipe nikupelekee, si ndiyo kazi yangu?" Akasema, "Wewe shughulika na za watu. Yangu naipeleka mwenyewe." Akavaa ndala akaenda hadi kile kisanduku chekundu cha kona, akipumzika mara mbili njiani.

Alichoandika hakusema. Alisema hivi tu: "Nimemuuliza kwa mkono wangu. Anijibu kwa mkono wake." Na unamjua mama akishasema.

Kuhusu njia usiwe na wasiwasi. Saa nane mchana mtu wetu wa baiskeli anafungua kisanduku, anamwaga kila kitu kwenye mfuko, mfuko unamiminwa mezani kwetu posta. Tunazigeuza barua zote stempu zitazame upande mmoja. Halafu muhuri, kila mchambuzi na wake wenye namba yake, ili kitu kikipotea ijulikane kilipita kwa nani. Halafu vitundu, ukuta mzima, kila mji na kitundu chake. Hatusomi mambo ya watu, tunatazama jina la mji tu. Miaka kumi na tisa nimelifundisha jicho langu litafute mji wa mbali, sasa jina la mji wetu silioni tena, kama mtu asivyoiona pua yake. Jioni mfuko unafungwa kwa kamba na lakiri, unapanda treni. Abiria siku mbili, barua siku tisa, kwa kuwa mfuko unalala vituoni. Treni ikiugua, kumi.

Jambo jingine, mama amefunga mkoba. Ule wa ngozi. Ameuweka chini ya kitanda. Nadhani ni wa hospitali, anajiandaa. Nilipouliza akasema ni mambo ya wanawake. Sipendi hata kuwaza.

Msalimie shemeji fundi.

Kaka yako

*

29 Machi 1986

Kaka yangu mpendwa,

Salamu kwako na kwa wifi, mwambie shida zangu namwandikia kaka yangu, furaha zangu nitamwandikia yeye zikipatikana. Mimi sijambo. Nipo nyumbani siku hizi, kule kwenye kushona sare nimepumzika kidogo, usiniulize sana. Fundi hajambo, saa za mji mzima zimemlalia mezani. Kiungulia kimepoa.

Barua ya mama haijafika. Ya kwako imefika, imechukua siku kumi, kwa hiyo treni ilikuwa inaumwa. Ya mama, kimya. Fundi anapita posta kila asubuhi kabla hajafungua duka. Hakuna.

Kaka, nitakwambia ukweli, sijui kama naingoja au naiogopa. Wewe siku ile ulikuwa kazini, hukuona. Tulisimama pale mlangoni mimi na fundi, siku ya tatu baada ya kuoana, tumevaa vizuri, tumekuja kuomba radhi. Nikabisha. Nikasikia ndala zake zinakuja, zinakuja, zikasimama nyuma ya mlango. Yeye kule, sisi huku, ubao mmoja katikati. Nilisikia mpaka anavyopumua. Hakufungua. Mama alishasema hawezi kumpa binti yake mtu anayetengeneza saa za watu na mkononi hana saa. Basi na mimi nikapaza sauti ili asikie vizuri: "Sitabisha tena mlango huu maisha yangu yote." Tukaondoka. Nilisema mimi, kwa mdomo wangu huu.

Sasa ananiuliza nini? Kama anauliza nimekoma, sijakoma. Kama ni kunikana kwa maandishi, bora ipotee hukohuko. Lakini kama ni radhi, kaka! Kama ni radhi na imelala kwenye mfuko mahali fulani! Mbembeleze akwambie.

Mdogo wako

*

20 Aprili 1986

Kitinda,

Natumaini u mzima na shemeji. Sisi tunasukuma siku. Wifi yako amepata mafua yanayopita. Mama amepungua. Sitakuficha hilo, amepungua, miguu inajaa maji, lakini kila siku saa tisa anachukua ufunguo wake shingoni, anakwenda mwenyewe kutazama sanduku letu la barua pale posta. Nimemwambia mimi ndiye ninayeyajaza masanduku hayo, nitajua kabla yake. Ananijibu, "Posta yenu inafanya kazi kweli, au mnavaa sare tu?"

Nimembembeleza. Nimepiga magoti kabisa, mtu mzima mwenye mvi. Amesema swali halikuwa langu. Mwishowe kanigeukia kwa hasira: "Kama hataki kunijibu, aseme hataki. Asijifiche nyuma ya treni." Anaamini barua unayo, Kitinda. Anaamini umeisoma na umenyamaza. Nimemwapia haijafika, akanitazama kama mtoto anayemtetea mwenzake.

Bahasha ya bluu nimeitafuta kila pembe. Nimejaza fomu ya kitu kilichopotea, nimepekua kikapu cha zenye anwani mbovu, nimewauliza watu wa treni. Bahasha ya bluu hakuna aliyeiona. Miaka kumi na tisa nawatafutia watu barua zao, ya mama yangu imenishinda.

Kazini kucheka ni kwa Miwani tu, yule mwenzangu wa meza ya pili mwenye vioo vizito. Anasema kuna kadi moja, ya wazi, inakwenda na kurudi kama mpira, mihuri imeijaa. Anasema inaijua reli kuliko dereva, ikistaafu itastahili pensheni. Tulicheka chai ikatupalia. Posta bila vichekesho ingekuwa msiba.

Nakuomba kitu. Usingoje swali. Mwandikie mama chochote, hata mstari mmoja.

Kaka yako

*

12 Mei 1986

Kaka yangu,

Nimekaa na barua yako siku kadhaa ndiyo maana nimechelewa. Wifi apone haraka.

Nimejaribu. Nimeandika barua nne kwa mama na nne nimezichana. Ya kwanza nilijitetea. Ya pili niliomba msamaha, nikaona nadanganya. Ya tatu ilikuwa habari za hali ya hewa. Ya nne sikufika mbali, niliandika "Mama" nikashindwa. Nijibu nini ambacho sijakisikia? Akiwa ameuliza kama bado nampenda nami nikamjibu habari za mvua, si nitakuwa nimemfungia mlango kama alivyonifungia?

Utasema basi nije mwenyewe. Siwezi. Na hili sikutaka kuliandika, kwa sababu mara mbili nililisema mapema na mara mbili liliharibika, na hukujua hata moja. Nina mimba, kaka. Miezi saba. Daktari amenilaza kitandani tangu Februari, haruhusu hata ngazi, achilia mbali treni siku mbili. Fundi ananipikia, anachoma kila kitu, ananiwekea sufuria kando na saa ya kunikumbusha dawa. Nimelala hapa nahesabu mbao za dari.

Usimwambie mama. Nikishajifungua salama nitamwandikia mimi, kwa mkono wangu kama anavyotaka. Akijua sasa halafu ikaharibika, sitaweza kumtazama. Niahidi.

Mdogo wako

*

2 Juni 1986

Mdogo wangu,

Salamu. Habari yako nimeipata tarehe ishirini na mbili, nimefurahi sana, Mungu akulinde. Siri yako nimeitunza.

Huku mvua haziishi, mifuko inafika imelowa, tunaanika barua kwenye kamba kama nguo. Wifi yako amepona. Lala kama daktari alivyosema, usiinuke, usibebe kitu, usiwaze. Mimi nina kazi nyingi kidogo, sitaandika kirefu.

Msikilize fundi. Ni mtu mwema.

Kaka yako

*

19 Juni 1986

Kaka,

Barua yako haina mama. Nimeisoma mara kumi, nimeigeuza hata nyuma. Zote zina mama, hata zile za miaka ya hasira uliweka mstari wake, anakohoa, anagomba, kakataa chumvi. Hii ina mvua. Nimemwambia fundi, akasema wewe una kazi nyingi. Sitauliza. Nitakwambia langu kwanza.

Kadi imefika! Si barua, kaka, kadi! Ya wazi, yenye ua jekundu, bila bahasha yoyote. Mlikuwa mnatafuta bahasha ya bluu, na kadi inapita mbele yenu. Sikia ilivyopatikana. Karani mmoja wa posta ya huku alileta saa yake kwa fundi, na akiwa anangoja akaanza kusimulia kichekesho chao, kadi inayokwenda na kurudi, na maneno yake wameyakariri, wanaulizana wakipeana chai. Fundi akamwambia rudia hayo maneno. Akarudia. Fundi hakucheka. Aliacha saa ya watu imefunguliwa matumbo nje, akafunga duka, akaenda naye mpaka posta. Mtu aliyekataliwa kwa kukosa saa, kaka.

Mama ameandika kama alivyofundishwa shuleni, anwani yake juu kulia, anwani yangu chini kushoto, herufi kubwa zote, za ukubwa mmoja. Pale unaposema mnatafuta mji wa mbali, basi ndiyo hivyo. Kwenu wameona mji wetu wakaituma huku. Huku wameona mji wenu wakairudisha. Mwezi wa tatu, wa nne, wa tano, wa sita. Kila ofisi imefanya kazi yake vizuri kabisa.

Ameandika hivi, nanakili:

"Mwanangu. Kwa kiungulia kunywa maji ya uvuguvugu na ulalie ubavu wa kushoto. Mimi nilikuwa hivyo hivyo kwako. Nimefunga mkoba. Nikija nikabisha, utanifungulia? Mama yako."

Alijua! Kwa neno moja la kiungulia alijua. Na mkoba haukuwa wa hospitali. Alikuwa anakuja kwangu.

Sikulaumu kwa kucheka, hata mimi ningecheka kadi ya mtu mwingine. Lakini nimeihesabu mihuri. Ya huku imechanganyika, leo huyu kesho yule. Ya kwenu ni mitano, na minne ni ya mtu mmoja, namba saba. Mtu mmoja ameishika mkononi mara nne asijiulize kitu! Sijui ni nani huyo, na sitaki kujua, lakini mwambie kutoka kwangu kwamba mama yangu alisimama mbele yake mara nne na yeye akamwambia pita.

Nimeshamjibu mama. Nimeandika kadi, ya wazi pia, anwani moja tu katikati, hawatakosea safari hii. Fundi ameipeleka mwenyewe kabla ya barua hii. Alipoichukua machozi yalimtoka kuliko mimi, nikamwambia usiniletee nuksi, mwanaume mzima. Mwambie mama asingoje kadi. Mwambie apande treni. Bado wiki tatu nne hivi, atawahi.

Mwambie, kaka. Tafadhali mwambie.

Mdogo wako

*

8 Julai 1986

Kitinda, mdogo wangu, mama mzazi,

Simu ya maandishi ya fundi imenifikia juzi. MTOTO WA KIKE. WOTE WAZIMA. JINA LA BIBI YAKE. Nimeikunja nimeiweka mfuko wa shati, naitoa kila baada ya mifuko miwili mitatu naisoma. Kwa kuwa umejifungua salama, na kwa kuwa fundi alishaniandikia kwamba ukijifungua salama utaweza kuibeba habari, nitakwambia. Najua ameshakaa kando yako. Ndivyo tulivyokubaliana.

Mama alifariki tarehe ishirini na nne Mei, saa tatu asubuhi, ameketi kitandani akifunga kifungo cha gauni. Moyo. Wifi yako alikuwa naye, mimi nilikuwa kazini, kama siku ile ya mlango. Tulimzika kesho yake. Nilimwandikia fundi dukani, si wewe, kwa sababu ulikuwa umelala unahesabu mbao za dari na mara mbili lilishaharibika. Kwa hiyo alipokuletea ile kadi alikuwa anajua. Alipopeleka jibu lako posta alikuwa anajua. Usimkasirikie. Mimi ndiye niliyembebesha.

Barua yako ya mimba niliipata tarehe ishirini na mbili. Uliniambia nisimwambie. Sikumwambia. Yeye alikuwa anajua tangu Machi, na mimi sikujua kwamba anajua. Siku mbili za mwisho tulikaa meza moja, mimi nimebana siri yako na yeye ameibana ileile, tunaongea habari za chumvi. Ningefungua mdomo tu angekufa akijua kwamba hukumnyamazia. Jioni ya mwisho alirudi kutoka kwenye sanduku, akatundika ufunguo shingoni, akasema, "Basi, hataki." Nikamwambia, "Mama, treni." Akaingia chumbani kwake.

Mkoba niliufungua baada ya mazishi. Fulana tatu za mtoto alizofuma, sijui saa ngapi, sikuwahi kumwona na sindano. Ndala mpya. Na bahasha yangu ya bluu, tupu, safi. Wifi yako anasema lazima aliona ni anasa kuitumia kwa maneno machache, akatumia kadi ya zamani ya kabatini, bahasha akaiweka akiba. Nitakutumia vyote hivyo. Anwani nitaandika moja.

Sasa la muhuri. Nimejaribu kuanza barua hii mara tatu ili nisilifikie.

Namba saba ni mimi.

Kichekesho nilikisikia kwa Miwani, hakuwahi kunionyesha kadi yenyewe, na sikujua kwamba nami naipitisha. Siikumbuki. Hiyo ndiyo aibu yangu, siikumbuki hata mara moja. Barua elfu nne kwa siku, naona mji, nagonga, natupa kitunduni. Mwandiko wake ungeniambia nini? Sikuwahi kuuona mwandiko wa mama. Nimeishi naye maisha yangu yote, aniandikie nini? Na jina la mji wetu nilikwambia mwenyewe kwamba silioni. Lilikuwa juu kulia, kubwa, na jina lake chini ya kidole changu. Umesema nimwambie huyo mtu. Nimemwambia. Namwambia kila asubuhi anapochukua muhuri.

Wahenga walisema majuto ni mjukuu, huja nyuma. Kwetu vimeingia pamoja, Kitinda, majuto na mjukuu, sijui nianze kumpokea yupi.

Kadi yako imefika jana, nyuma ya barua yako, mfuko wake ulikwama njiani. Miwani aliiona kwenye meza yake, akaivukisha chumba akaniwekea mbele yangu. Siku hizi hachekeshi. Kanuni ni kwamba naigonga muhuri wa "Mpokeaji amefariki" na inarudi kwa mtumaji. Miaka kumi na tisa sijawahi kusoma kadi ya mtu. Hii niliisoma, nimesimama, watu wote wakajitia wana shughuli nyingine.

"Mama, usibishe. Sukuma tu, mlango hatuufungi."

Ule muhuri niliushika. Nikauweka chini. Ningeirudisha kwako ungeipokea ukiwa na mtoto mikononi, nami ya mama nimeshairudisha safarini mara za kutosha. Nikagonga namba saba, mara moja, taratibu, nisifute neno. Kisha nikaenda kwa miguu yangu mpaka upande wa masanduku nikaitia kwenye lake, kama ilivyoandikwa.

Ufunguo ninao mimi sasa, uko shingoni. Sijalifungua.

Kaka yako